Kitufe cha Kijani

Grindle Falls, 22 Februari

Mheshimiwa Claudette,

Sianzi na salamu kwa sababu leo sina hata moja. Nimesoma gazeti. Wameyaandika majina yenu yote, mji kwa mji, nani alibonyeza kijani na nani alibonyeza nyekundu, na jina lako lipo palepale, pamoja na wale waliouua mswada wetu. Nilimpa Thérèse asome yeye, nikidhani miwani yangu imechoka. Akasoma, akakunja gazeti, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Kura moja, Claudette! Mswada umekufa kwa kura moja, na kura hiyo ni yako.

Labda mtu akikaa kwenye viti vile vya bungeni husahau alikotoka, basi nikukumbushe. Armand ni mdogo wetu, yule uliyembeba mgongoni mpaka shule. Tangu gogo limvunje bega na kiwanda cha mbao kifungwe, amekuwa mtu wa kukaa jikoni akitazama ukuta. Novemba mkewe, Thérèse, akampeleka hospitali kwa sababu alianza kusema watu wangekuwa na raha zaidi bila yeye. Wakamlaza. Akaanza kula, akaanza hata kunitukana nikienda kumwona, nikasema alhamdulillahi kwa kila lugha ninayoijua, Armand anarudi. Halafu kampuni ya bima ikaandika kwamba kwa maoni yao amepona, hawalipi tena. Nani kule kwao aliyemwona? Hakuna. Daktari wake alisema bado kabisa. Wakamrudisha nyumbani na mfuko wa vidonge.

Siku hiyohiyo Thérèse akaniletea bunduki zake tatu, za kusafishwa. Na unajua hapa kwetu kusafishwa maana yake nini. Mke akiingia dukani kwangu na bunduki ya mumewe akasema, "Rosaire, naomba uisafishe," siulizi ina uchafu gani. Naipokea, naifungia kwenye kabati la chuma, na mwenyewe akija namwambia bado naisafisha, rudi baadaye, kunywa kahawa. Baba alifanya hivyo kabla yangu. Bunduki ya Bouchard niliisafisha mwaka mzima, na leo Bouchard anawafundisha wajukuu wake kuvua samaki.

Lakini mbele ya sheria huo ni wizi. Ndiyo maana tulikaa mezani kwako tukaupanga ule mswada, mimi ambaye maisha yangu yote sijapenda sheria yoyote yenye neno bunduki ndani yake! Fundi wa bunduki kama mimi akikabidhiwa silaha na watu wa nyumbani ili mtu asijidhuru, asishtakiwe. Na bima isimtoe mgonjwa kitandani mpaka daktari wake aseme. Mambo mawili, basi. Nilivaa tai yangu ya mazishi nikaja kusema mbele ya kamati yenu. Wenye bunduki wenzangu wakaniita msaliti. Wale wenye mabango ya kupinga bunduki wakaniita muuza mauti. Nikawavumilia wote, nikijua dada yangu yumo ndani.

Armand amekuja dukani mara mbili kuulizia bunduki zake. Nimemwambia bado nazisafisha. Haniamini.

Usinipigie simu. Sikio la kushoto limekwisha kwa milio ya bunduki, na la kulia sitaki likusikie.

Kaka yako, mpaka nitakapobadili mawazo,
Rosaire Lavertu


Bungeni, 26 Februari

Kaka Rosaire,

Barua yako imefika. Nimeisoma nikiwa nimesimama, maana ilininyanyua kitini.

Usinifokee. Mimi si yule mtoto uliyekuwa ukimtuma kuokota maganda ya risasi. Nimechaguliwa na watu wa miji mitatu, wengine hata hawakujui, na sipigi kura kwa kukutazama wewe usoni. Mambo ya kutunga sheria yana mazingira mapana na mikakati ya muda mrefu ambayo mtu aliye nje si rahisi kuyaona. Kura yangu niliipiga kwa akili zangu na sina haja ya kuitetea mbele ya kabati lako la chuma.

Nikuambie pia, kwa kuwa hutaniuliza: Bwana Tuttle, mnadhimu wa chama chetu, ameniahidi kiti kwenye kamati ya barabara. Mimi, niliyeendesha basi la shule kwenye mashimo ya kaunti ile mpaka mgongo ukapinda! Unajua nimekitaka kiti hicho kiasi gani. Hilo nalo si dogo.

Armand hajambo? Mwambie namwulizia.

Dada yako,
Claudette


Grindle Falls, 2 Machi

Claudette,

"Mazingira mapana na mikakati ya muda mrefu." Maneno hayo umeyaazima kwa nani? Mrudishie, hayakukai.

Kwa hiyo ni barabara. Umemuuza ndugu yako kwa lami. Sawa. Zikishawekwa lami, usizitumie kuja kwangu.

Umeuliza hali ya Armand. Hajambo.

Rosaire


Grindle Falls, 5 Machi

Wifi yangu Claudette,

Rosaire hajui kwamba nakuandikia, na akijua ataniona mbaya, lakini nimechoka na ninyi Lavertu wote. Kila mmoja ana shingo ya chuma, halafu mkivunjana mimi ndiye napiga deki.

Rosaire amekuambia nini kuhusu Armand? Kama amesema hajambo, amekudanganya. Armand hajambo hata kidogo. Halali. Hanywi vidonge, anasema kama bima imesema amepona basi vidonge vya nini. Wiki iliyopita alikwenda dukani mara ya tatu, Rosaire akamwambia bado nazisafisha, Armand akasema, "Unanichezea kama mtoto," akaondoka moja kwa moja hadi kituo cha polisi kumshtaki ndugu yake kwa wizi. Askari alipokuja aliona haya hata kuingia, maana Rosaire ndiye aliyemtengenezea bunduki yake ya kwanza. Akampa karatasi ya kuitwa mahakamani. Kesi ni tarehe 20.

Rosaire anasema hatazitoa. Nimemwambia watakufunga. Akasema huko watampa chakula cha bure na hatalazimika kunisikiliza nikikoroma upande wa pili wa ukuta wake. Tangu hapo anaendelea na kazi zake na kufuli mpya mbili ameziweka.

Sasa nisikilize mimi. Nimeolewa kwenu miaka mingi na nakujua. Wewe ndiye uliyenishika mkono hospitali siku walipomlaza. Mtu huyo hawezi kubonyeza Armand afe. Kama ulibonyeza kwa makusudi, usije Pasaka, sitakukatia pai. Kama kuna jambo lingine, lolote lile, hata la aibu, liseme. Aibu haijamwua mtu. Mimi naogopa kinachoua.

Wifi yako,
Thérèse


Bungeni, 8 Machi

Kaka Rosaire,

Thérèse ameniandikia. Usimgombeze. Ungeniambia wewe mwenyewe kwamba una kesi, lakini umenipa "hajambo" yako kavu, na mimi nikailalia usiku kwa usiku kama mpumbavu nikishukuru. Hilo tutagombana baadaye.

Nilikosea kitufe.

Hiyo ndiyo mikakati yote ya muda mrefu. Nilikosea kitufe. Kamati ilipomalizana na mswada wetu ilituletea pendekezo lake kwa neno moja wanalolipenda huku: Haifai. Haifai kutungwa sheria. Sasa bunge halipigii kura mswada, linapigia kura lile Haifai. Anayetaka mswada ufe anabonyeza kijani, anayetaka uishi anabonyeza nyekundu. Walitueleza wiki ya kwanza, wakati mimi nilikuwa nje nazunguka kutafuta mahali pa kuegesha gari.

Spika anasema haraka kama mnadi ng'ombe. "Wanaokubali kijani, wanaokataa nyekundu, bunge liko wazi." Kichwani mwangu alikuwemo Armand tu. Nikasema moyoni nakubali, nakubali mara mia, nikakibonyeza kijani mpaka kidole kikauma. Nilikuwa natabasamu, Rosaire. Nilitabasamu mpaka Tuttle, ambaye ameupinga mswada tangu mwanzo, akaja akanishika mabega yote mawili na kuniambia, "Sikujua una moyo wa simba." Ndipo nikatazama ubao.

Ningekuambia siku ileile. Lakini niliuona uso wako. Tangu tukiwa wadogo mimi kwako ni Kichwa Maji: aliyeacha zizi wazi, aliyepeleka basi zima la watoto shule siku ya sikukuu. Nikasema, aniite msaliti. Msaliti angalau anahesabiwa ana akili. Tuttle aliponiambia, "Sema ulikusudia, kila mtu atakuheshimu," nikamwitikia, na maneno yale mapana ni yake.

Sasa soma hapa polepole. Katika bunge hili, mswada ukishauawa, anayeruhusiwa kuomba urudishwe ni mmoja wa wale waliouua, basi. Waliokuwa upande wetu hawawezi hata kufungua mdomo. Kwa hiyo jiulize, kati ya wauaji wote wale, nani anautaka uwe hai? Bibi Peaslee wa kiti cha jirani, aliyebonyeza nyekundu, alinieleza kanuni hii huku machozi yanamtoka kwa sababu alidhani hakuna mtu. Nilikaa nikila biskuti yake, nikasikia joto linapanda shingoni. Yupo mtu. Ni mimi.

Tuko mapumzikoni kwa ajili ya mikutano ya miji. Kikao kijacho ni tarehe 12, na mwisho wa kuomba ni adhuhuri ya siku hiyohiyo. Nimemwambia Tuttle nitasimama. Akacheka kwanza, halafu akaacha. Akasema nikisimama nisahau barabara, na nikumbuke kwamba bunge zima litaniona juha. Nikamjibu kwamba barabara zile nimeziendesha mbovu na zikaniacha hai, na ujuha wangu ni mali yangu, nautumia nitakavyo.

Usitoe zile bunduki.

Dada yako, Kichwa Maji,
Claudette


Grindle Falls, 11 Machi

Mdogo wangu,

Lucien anashuka na lori la mbao asubuhi hii na anapita mbele ya mlango wenu wa dhahabu, nimempa barua hii na amri ya kutosimama kunywa bia.

Nimecheka. Nilikuwa nimeshika mtutu wa bunduki ya mzee Fournier, ikabidi niuweke chini. Nikamsomea Thérèse pale ulipotabasamu, akacheka akalia, akanipiga kwa taulo kana kwamba mimi ndiye niliyebonyeza. Halafu kicheko kikatukatika wote wawili kwa sababu Armand alikuwa anapita nje kwenye theluji bila koti.

Nilikuambia hajambo kwa hasira. Nilitaka ukose hata hilo la kujua. Basi, yamekwisha, nisilirudie.

Kesho ukisimama, usiombe radhi zaidi ya mara moja. Ukiomba mara mbili watakuona wewe ndiye habari yenyewe, na habari ni Armand. Wakicheka, subiri wamalize, halafu endelea pale ulipoachia. Usitazame karatasi. Sema kwa ile sauti uliyokuwa ukiwaambia watoto wa kiti cha nyuma wakae chini.

Bunduki hazitoki. Askari alipita tena jana kunibembeleza. Nikamwambia akitaka kabati alibebe zima, ni ratili mia nane, na mgongo wake naujua.

Na ukikosea kitufe tena, endelea kuendesha mpaka Kanada.

Kaka yako,
Rosaire


Bungeni, 13 Machi

Kaka Rosaire,

Lucien alinikuta kwenye ngazi. Barua ilikuwa na harufu ya bia.

Ilianza vibaya. Theluji ilianguka tangu alfajiri, na watu wetu wawili wa kaskazini gari lao liliingia mtaroni. Bibi Peaslee akanong'ona, "Claudette, hata ukigeuka wewe, hatutoshi." Nikamwambia basi tutashindwa tukiwa tumesimama.

Spika akaniita. Nikasema, "Mheshimiwa Spika, nilipiga kura na upande ulioshinda, na naomba bunge liurudishe mswada huo, kwa sababu nilikosea kitufe." Rosaire, kicheko! Kilianza nyuma kikaja mbele kama maji. Kuna mmoja akapaza sauti, "Mheshimiwa alikuwa amelala?" Nikasubiri wamalize, kama ulivyosema. Nikamjibu, "Sikuwa nimelala, nilikuwa nimefurahi. Nilidhani namwokoa ndugu yangu."

Hapo sikungoja tena. Nikawaambia habari za Armand, jina lake na kila kitu. Nikawaambia kusafishwa ni nini. Tuttle akasimama kusema mswada wenyewe una vichwa viwili, bunduki upande huu na bima upande ule, haieleweki ni mnyama gani. Nikamwambia, "Nyumbani kwetu ni mnyama mmoja. Bima ilipomtoa hospitali ndipo bunduki zikaanza kutuogopesha. Wewe tenganisha ukiweza, sisi tunaishi navyo kwenye chumba kimoja." Mwingine akasema bima ikilazimishwa itapanda kwa kila mtu, na wazee wa wilaya yake watashindwa kulipa. Huyo sikumdharau, alisema kweli anachoogopa. Nikamwambia Armand amelipa tangu alipoanza kazi na hakuomba hata plasta mpaka alipotaka kufa. Na kuna kijana aliyevaa kizibao cha wawindaji cha rangi ya chungwa juu ya suti, akasema leo fundi anashika bunduki, kesho serikali. Nikamwuliza, "Wewe mwanangu, una kaka?" Akasema ndiyo. Nikamwambia fundi ninayemsema ni kaka yake mwenye bunduki, na serikali ndiyo inayomshtaki kwa kuishika. Akakaa chini, sijui kama alikubali au alichoka.

Halafu jambo ambalo sitalisahau. Mzee Ezra Wadleigh, yule wa kusini asiyesema kitu isipokuwa akiomba dirisha lifungwe, akanyanyuka taratibu akishikilia kiti cha mbele. "Na mimi," akasema. "Mimi nilibonyeza kijani hivyohivyo. Nilipofika nyumbani mke wangu ndiye aliyenieleza nilichofanya. Nikanyamaza kwa sababu nimekaa humu tangu baadhi yenu mkinyonya, nikaona haya. Mama huyu ana siku chache humu na amenishinda." Akakaa. Hakuna aliyecheka tena, maana nadhani wengi walikuwa wanahesabu vitufe vyao vya zamani.

Mswada umerudishwa. Kisha tukaipigia kura tena ile Haifai, nyekundu safari hii, nami nikakitazama kitufe kwanza, nikamwuliza Peaslee, nikakitazama tena, akaniambia, "Bonyeza, mama, wakati unaisha!" Haifai imeanguka. Mswada wenyewe umepita. Sasa unakwenda Seneti mwezi ujao, na Gavana bado, kwa hiyo si sheria, na Jaji wako tarehe 20 hawezi kuutumia. Hilo ndilo linaloniuma.

Tuttle ameniondoa kwenye barabara kabla sijakaa. Amenipeleka kamati ya sanamu na makaburi ya kihistoria. Nimemwambia nashukuru, huko angalau wote wananisikiliza.

Claudette


Grindle Falls, 21 Machi

Mdogo wangu Claudette,

Sijafungwa. Nianze na hilo ili uweze kukaa.

Mahakama ilijaa. Nusu ya mji ilikuja, na nikiwatazama mmojammoja nikaona karibu kila ukoo umewahi kuniletea kitu cha kusafisha. Walikaa kimya, kofia mikononi. Armand alikaa mbele peke yake, amenyoa, shati la kazini limepigwa pasi. Thérèse alikaa katikati yetu, hakujua aegemee wapi.

Jaji Corliss ni mama mwenye haki, simlaumu. Akasema amesikia habari za mswada lakini hauna nguvu bado, na sheria iliyopo inasema bunduki ni za Armand, hajahukumiwa kwa lolote, na bima yake mwenyewe imeandika kwamba ni mzima. Karatasi ile ile, Claudette! Waliyoiandika ili wasilipe, ndiyo iliyosomwa mahakamani kuthibitisha apewe bunduki. Watu wakaguna mpaka akagonga nyundo. Akaniagiza nizirudishe kabla ya jioni.

Nikasimama. Nikasema, "Mheshimiwa Jaji, nimekusikia na sikio langu zima. Sizirudishi."

Akaniuliza kama naelewa kwamba ataniweka ndani mpaka nizitoe. Nikasema naelewa, na funguo nimezitupa mtoni chini ya barafu, zitapatikana barafu ikiyeyuka, majira ya matope. Wakili wa serikali akaniuliza, "Bwana Lavertu, wewe ni daktari?" Nikamwambia, "Hapana, na waliosema amepona nao si madaktari, lakini mimi angalau nimemwona."

Hapo Armand akanyanyuka bila kuitwa. Jaji akamwacha. Akanigeukia, akasema kwa sauti ambayo sijaisikia tangu alipoumia bega, "Rosaire, wewe ni mwizi na mwongo. Unanisafishia! Mimi ni mtu mzima. Kwa nini hukuniambia machoni kwamba unaogopa nitajiua?"

Claudette, nimesema neno "safisha" maisha yangu yote ili nisiseme lile lingine. Baba naye hakulisema. Hatulisemi huku. Nikafungua mdomo nikaona halitoki. Mwishowe nikamwambia, "Kwa sababu naogopa. Naogopa kila siku. Ukifa mimi sijui nitafanya nini, na sikupi bunduki, sikupi leo, sikupi kesho, wanifunge mpaka nioze." Nililia mbele ya watu wote, na Fournier pia alikuwepo, atanitania mpaka kaburini.

Armand akamwambia Jaji, "Mwache azishike. Nimemshtaki mimi na mimi naacha." Jaji akamwuliza kama ana hakika. Akasema, "Sina hakika ya kitu chochote, mama. Nataka kurudi hospitali."

Jaji akaifuta kesi, nasi wawili tukampeleka kwa gari langu, moja kwa moja, Thérèse ameshika kofia ya mumewe. Daktari wake alikuwa mlangoni anamsubiri.

Ukienda Seneti wasomee ile habari ya karatasi ya bima. Wasomee taratibu.

Rosaire


Hospitalini, 3 Aprili

Claudette,

Mimi si mwandishi, na bega linauma, kwa hiyo usitegemee mapambo.

Nasikia nimekuwa mswada. Watu mia nne wamenipigia kura na sikualikwa. Nasikia pia uliwaambia jina langu, na kwamba mzee mmoja alisimama. Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu muuguzi mmoja aliniuliza, "Wewe ndiye Armand wa Bungeni?" nikamwambia ndiye, akaniletea keki mbili. Basi ndivyo ilivyo.

Rosaire sijamsamehe. Namkasirikia kila asubuhi nikiamka, na daktari anasema hasira ni dalili nzuri, zamani sikuwa na hata hiyo. Anakuja kila Jumapili, anakaa kwenye kiti, ananiuliza sasa bila kuzunguka, "Leo unataka kufa?" Mara ya kwanza nilitaka kumpiga. Jumapili iliyopita nilimwambia, "Leo hapana." Akasema vizuri, akatoa karata.

Sasa sababu ya kuandika. Jana asubuhi alikuja binti wa ofisini na karatasi. Bima imeandika tena. Wanasema nimepona tangu Jumanne, hawalipi kuanzia Jumatano, nifunge mizigo. Nikamwuliza, "Jumanne saa ngapi?" Hakujua. Nikamwambia kwa sababu Jumanne mchana nilikuwa msalani nimekaa sakafuni nalia kama mtoto, na nisingependa kukosa wakati wenyewe wa kupona, inaonekana ulikuwa karibu sana. Binti wa watu machozi yakamlengalenga. Si kosa lake, nimemwomba radhi.

Daktari amesema nisitoke. Mimi nimesema sitoki. Msimamizi akaja na tai yake akaniambia kuna taratibu, na kwamba ikibidi wataita walinzi. Nikamwambia waite. Nimebeba magogo tangu nina miaka kumi na sita na bega moja bado linafanya kazi. Nikamwambia pia amwandikie huyo aliyeandika, popote alipo, aje apande mpaka huku, aketi hapa, aniangalie usoni na aseme mwenyewe nimepona. Akiweza kusema, nitavaa viatu. Mpaka leo jioni hajaja mtu, na chakula wameendelea kuleta.

Nasikia utasema mbele ya Seneti tarehe 9. Usizungumze kwa niaba yangu, nimechoka kuzungumziwa. Wasomee barua hii yote, na matusi kama yapo, na jina langu lote usilifiche. Wenye bunduki wakisikia, waambie nina bunduki tatu, ni zangu, na nimeamua mwenyewe zikae kwa kaka yangu. Wenye bima wakisikia, waambie nipo ghorofa ya tatu, kitanda cha pili kutoka dirishani, na mlango hauna kufuli.

Waje. Mimi sitoki.

Armand Lavertu